Bi Pindo na Mtoto Aliyekunja Magoti

Bi Pindo aliolewa na fundi bomba akiwa amekwisha kuvuka umri wa watu kumuuliza ataolewa tena lini. Kabla ya hapo alikuwa na cherehani lake, chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, na ndoa moja ya zamani iliyovunjika kwa kukosa mtoto. Jina la Pindo alipewa na wateja. Ukimpelekea suruali ndefu akupunguzie, utaivaa, utaigeuza, utaitia mwangani, na hutaona uzi ulikopita. Watu wakasema huyu hashoni pindo, huyu ananong'ona na kitambaa.

Fundi bomba alimjia kwanza na koti la kazi lililochanika kwapani. Akarudi na lingine. Mara ya tatu alileta koti zima, akaliweka mezani, na Bi Pindo akaligeuzageuza akitafuta tundu.

"Limechanika wapi?"

"Bado, lakini litachanika," akajibu yule bwana. "Nimeona niliwahi."

Wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomtoa Bi Pindo chumbani kwake kikampeleka kwenye nyumba ya vyumba vitatu, yenye uga wa saruji nyuma, na mtoto wa kike wa miaka minane aliyefiwa na mama yake akiwa bado hajaanza shule.

Mtoto huyo walimwita Chiriku, na hawakumsingizia. Alizungumza na baba yake, akazungumza na paka, akazungumza na viatu vyake mwenyewe akivivaa. Lakini Bi Pindo akitokeza mlangoni tu, maneno yalikatika kama maji ya mferejini. Kikabaki kimya, na macho mawili yanayomfuata mikononi.

Bi Pindo hakuona ajabu. Mgeni ni mgeni, alijiambia. Akinizoea atanitoboa masikio kwa maneno, nami nitamwomba anyamaze. Akangoja.

Katika kungoja akaanza kuona mambo.

La kwanza lilikuwa kikombe. Chiriku hakugusa chai iliyomiminwa na Bi Pindo mpaka baba yake apige funda moja kutoka kikombe hicho hicho. Baba alilifanya kama mchezo. "Lete nionje kama sukari imekolea," angesema, kisha angekunja uso kama mtu aliyeng'ata ndimu, mtoto akatabasamu, ndipo akanywa. Bi Pindo aliupenda mchezo ule. Aliona ni raha ya nyumba. Lakini siku ambazo fundi bomba aliwahi kazini, chai ya mtoto ilipoa mezani mpaka ikaota utando.

La pili, nywele. Chiriku alijichana mwenyewe, hata kisogoni ambako mkono wake haukufika vizuri, akaenda shule nusu ya kichwa imelala na nusu imesimama. Bi Pindo akinyanyua kitana tu, mtoto alikuwa amekwisha kufika uani.

La tatu ndilo lililomsumbua zaidi. Kila Bi Pindo alipomkaribia, yule mtoto alifupika. Alikunja magoti ndani ya gauni, akaangusha mabega, akaingiza shingo. Siku moja Bi Pindo alimchungulia kutoka dirisha la jikoni akiruka uani, mrefu, amenyooka kama muwa. Alipofungua mlango kutoka na ndoo, mtoto akashuka kama hema lililong'olewa nguzo.

"Huyu mtoto ana tatizo la mgongo?" alimuuliza mumewe mezani.

Fundi bomba akaacha kutafuna. "Mgongo? Hapana. Kwa nini?"

"Naona anajikunja nikiwa karibu."

"Aa, watoto," akasema yule bwana, akarudi kwenye sahani yake. Lakini hakumtazama mkewe machoni, na Bi Pindo, ambaye kazi yake ilimfundisha kuona mshono uliofichwa, akajua kuna kitu kimepinduliwa ndani.

Ukaja wakati shule ilipobadili rangi ya sare. Nyumba yenye mshonaji haiendi kununua sare dukani, ni aibu kama mwokaji kuazima mkate. Bi Pindo akatafuta kitambaa kizuri, kigumu kidogo, kisichochuja rangi. Asubuhi moja ya mapumziko, baba akiwa ametoka kwenda kuziba tangi la watu, akamwita mtoto chumba cha mbele.

"Njoo nikupime, mwanangu. Dakika moja tu."

Chiriku akaja kwa mwendo wa mtu anayeitwa na mwalimu mkuu, magoti yamekunjika. Bi Pindo akachukua futi yake ya kushonea, ule utepe wa manjano uliofutika namba kwa kazi, akauweka kisogoni pa mtoto, akauteremsha taratibu kuelekea visigino.

"Simama wima, mama. Nyooka kidogo."

Yakatoka mayowe.

"Usinipime! Usinipime! Sijafika! Bado sijafika!"

Mtoto akajirusha chini, akajikunja kama ngumi. Bi Pindo akabaki amesimama, futi inaning'inia mkononi, hajui aiweke wapi. Mlango ukasukumwa. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mikono ingali na povu la sabuni. Akamtazama mtoto aliyejikunja sakafuni. Akamtazama mwanamke aliyesimama juu yake na kitu kirefu mkononi.

"Kumbe," akasema. Neno hilo moja tu, akageuka akatoka.

Neno moja lina miguu. Jua halijachwa, lilikuwa limekwisha kupita nyumba zote za mtaa ule. Wateja wakaanza kumsalimia Bi Pindo huku wakitazama mikono yake. Mama mmoja aliyefuata blauzi yake aliuliza, kama anayeuliza hali ya hewa, "Na yule mtoto, anakula vizuri lakini?" Mwingine akasema, "Haya, wa kambo ni wa kambo," halafu akadai alikuwa anazungumzia habari za kwao.

Fundi bomba aliporudi alikaa kwanza na binti yake. Kisha akamjia mkewe, akamuuliza kwa sauti ile anayoitumia mtu akigonga bomba kusikiliza linakovuja.

"Ulimfanya nini?"

"Nilimpima sare."

"Kumpima tu?"

"Kwa futi, Baba Chiriku! Ulitaka nimpime kwa kijiko?"

Yule bwana akakitazama kile kitambaa cha sare. Halafu akasema, "Tutanunua dukani."

Bi Pindo alijibiwa mengi maovu maishani, hata na mume wa kwanza, lakini maneno hayo mawili yalimkata kuliko yote.

Tangu siku ile na yeye akaanza kushuku. Hofu ya mtoto haichipuki yenyewe kama uyoga, aliwaza, hii ina mkono ulioipanda. Na mkono gani? Hakuwa na haja ya kutafuta mbali. Kila Jumamosi mchana alikuja wifi yake, dada mkubwa wa fundi bomba, mwanamke aliyefanya kazi ya udobi na kunuka pasi ya moto. Alimsalimia Bi Pindo kwa adabu zote, "Hujambo, wifi yangu," akampa hata zawadi ya vifungo vilivyookotwa kwenye nguo zisizo na wenyewe. Kisha angeingia chumbani kwa Chiriku, na mlango ukafungwa.

Huko ndani, Chiriku alirudi kuwa chiriku. "Enhe! Halafu? Akafanyaje?" Bi Pindo alikuwa akiisikia sauti ile kupitia ukutani na kufurahi: angalau mtoto ana mtu wa kumchangamsha. Sasa akakumbuka kwamba akumulikaye mchana, usiku hukuchoma. Akaunga vipande. Labda wifi alitaka mdogo wake amwoe mwingine. Labda hakupenda nyumba ya marehemu ipate mwenyewe mpya. Labda vile vifungo navyo vina lake jambo. Alivitoa kwenye kopo akavitazama kimoja kimoja, kisha akajionea haya, kisha akavitupa hata hivyo.

Jumamosi iliyofuata akasogeza cherehani hadi kwenye ukuta wa chumba cha mtoto. Alishona kidogo, akaacha kana kwamba uzi umekatika, akasikiliza, akashona tena.

Zilikuwa hadithi. Hadithi za watoto, za kufikirika, zenye wanyama wanaosema na miti inayotembea. Lakini Bi Pindo alipozisikiliza kwa sikio la mtu mzima, alisahau kushona. Kulikuwa na zimwi linalopita na mkoba likikusanya watoto wanaolia, na hakuna hata mmoja aliyetoka mkobani. Kulikuwa na mfalme aliyewageuza watoto wavivu kuwa mawe ya kusagia, na mama zao wakayatumia bila kujua. Wifi alizisimulia kwa utulivu kama anayekunja shuka.

"Sasa ile ya kamba," akasema Chiriku.

"Hujaichoka?"

"Nisimulie ile ya kamba, shangazi."

Bi Pindo akaachia gurudumu la cherehani.

Alikuwapo mwanamke, wifi alisimulia, aliyeolewa na mtu mwenye binti. Alikuwa mzuri, mpole, chakula chake kitamu. Kila jioni alimwita yule binti, akampima kwa kamba kutoka kisogoni hadi kisigino, akapiga fundo. "Nataka nione unavyokua, mwanangu," alisema, na binti alifurahi, kwani nani mwingine alijali kama anakua? Kumbe msituni yule mwanamke alikuwa anachimba shimo, na kila siku alilichimba kufuata kamba. Ndege mmoja akamwonya binti: siku shimo likitimia, na wewe umetimia. Basi kuanzia siku hiyo binti akawa anakunja magoti kila anapopimwa. Shimo likachimbwa fupi. Siku alipozikwa kichwa kilibaki nje, akapiga kelele, watu wakaja.

"Asingekunja magoti?" aliuliza Chiriku.

"Ungesikia hadithi yake kwa nani?"

Bi Pindo aliinuka. Hakubisha hodi. Alifungua mlango, mtoto akafupika palepale kitandani, na Bi Pindo akasema kwa sauti aliyoilazimisha iwe ndogo, "Wifi, njoo uani tuzungumze."

Uani walisimama kati ya nguo zilizoanikwa, kila mmoja kashika kamba ya nguo kama anayeogopa kuanguka.

"Nimekukosea nini?" aliuliza Bi Pindo. "Niambie. Kama ni mdogo wako, nimrudishe? Maana unamfundisha mtoto kwamba mimi nachimba kaburi lake."

"Sijakutaja."

"Mwanamke kaolewa na mtu mwenye binti! Ni wangapi humu ndani?"

Wifi akatazama mikono yake, ile iliyokwajuka kwa sabuni. Alipoanza kusema, adabu ya salamu ilikuwa imemtoka, amebaki mtu tu.

"Tulikuwa watatu," akasema. "Mimi, mumeo, na kitindamimba wetu. Mama akafa. Baba akaleta mwanamke. Mdogo wetu akapata homa, yule mwanamke akampikia uji. Akaula wote. Mchana hakuwapo tena. Nilikuwa na miaka kumi, wifi. Mumeo alikuwa na saba. Ningemwambia 'usile chakula cha yule,' angekwenda kumwambia baba, na baba angenipiga. Basi nikamwambia kuna mama mwenye kamba. Akaelewa. Watoto wanaelewa haraka kuliko unavyodhani. Hadithi zangu si za kumlaza mtoto. Ni za kumfanya asilale."

"Alimpa sumu? Una hakika?"

"Nina hakika alikula uji akafa."

"Na mimi? Nimemfanya nini huyu wa ndani?"

"Hujamfanya kitu," wifi akasema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mwongo, akaongeza, "Bado."

"Bado!"

"Usinikasirikie. Wema wako nauona. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Na kama unadhani ni mimi peke yangu, muulize mumeo kwa nini anaonja."

Bi Pindo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Asubuhi zote zile zilimpita mbele ya macho: kikombe, funda moja, uso uliokunjwa, mtoto akitabasamu. Sukari imekolea. Nyumba nzima ilikuwa inajua mchezo ule ni wa nini, isipokuwa yeye aliyechemsha chai.

Fundi bomba aliporudi alimkuta mkewe ameketi chumba cha mbele bila kazi mkononi, jambo ambalo hakuwahi kuliona.

"Ukionja chai ya mtoto," akamuuliza, "unaonja sukari?"

Yule bwana alikuwa ameshika spana. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Sijui," akasema mwishowe. "Nakupenda, wallahi. Lakini nikiona mwanangu anashika kikombe ulichokijaza wewe, mkono wangu unakwenda wenyewe."

"Kwa hiyo kama kuna sumu, ufe wewe."

"Ndiyo."

Bi Pindo hakujua acheke au alie. Ni baba gani huyu, na ni mume gani huyu, na wote wawili wamekaa kwenye kiti kimoja! Alikwenda chumbani akaanza kukunja nguo zake. Alifika hadi kulifunika cherehani. Hapo ndipo wazo lilipomjia na kumsimamisha. Alikuwa anamfikiria yule mwanamke mwingine, wa uji. Naye aliingia kwenye nyumba ya watu. Naye alitazamwa mikono. Je, kama hakutia kitu? Na je, kama alitia?

"Yu hai?" aliuliza kutoka chumbani.

"Nani?"

"Wa kamba."

Mumewe akaweka spana chini. Yu hai, akasema. Baba yao alipofariki, alihamia upande wa pili wa mji, nyuma ya kiwanda cha matofali. Hawajawahi kwenda.

Bi Pindo alikwenda. Hakumuaga mtu. Alipanda basi la asubuhi, akauliza, akaelekezwa kwenye mstari wa vyumba vyenye vumbi jekundu mpaka madirishani. Alimkuta bibi mmoja mdogo wa umbo ameketi kizingitini, anashona ndoo ya plastiki iliyopasuka kwa waya. Mishono ilikuwa mibaya. Pembeni, bomba la maji lilikuwa linadondoka tone tone kwenye kopo.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni mke wa yule mtoto wako wa pili. Yule fundi bomba."

Bibi akainua uso. "Wa pili? Yule aliyekuwa hanywi maji yangu?" Akacheka kidogo, bila furaha. "Karibu ndani. Nikupe chai."

Chumba kilikuwa kitanda, jiko la mafuta na kabati lisilo na mlango. Bibi alipoinama kutafuta vikombe, Bi Pindo alijikuta anachungulia chini ya kitanda. Palikuwa na masanduku mawili na viatu. Aliinua kichwa haraka kama mwizi.

Chai ikaja. Ilikuwa nyeusi, ina harufu ya majani ya chai na si kitu kingine. Bi Pindo aliishika, akaitazama, akaitazama sana. Alitaka kuinyanyua, mkono ukagoma. Yeye! Yeye aliyeumia kwa sababu ya kikombe kilichoota utando!

Bibi alikuwa anamtazama.

"Nikuonjee?" akamuuliza, kwa upole kabisa.

Bi Pindo akaona haya mpaka masikio yakamwaka. Akaweka kikombe magotini, akauliza kilichomleta, kwa maneno yaliyonyooka, maana hakuona njia nyingine. Ule uji. Ulitia nini?

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," bibi akasema. "Nilikabidhiwa watoto watatu na sufuria. Hao wakubwa wawili walinitazama kama chui tangu siku ya kwanza. Yule mdogo ndiye aliyekuwa ananijia. Akawaka moto. Nikamwambia baba yao, akasema homa ya watoto hupita. Nikapika uji, kwa sababu ndicho nilichojua kupika."

"Ulitia nini?"

"Sukari."

Nje tone likadondoka, na lingine. Bibi alikuwa anapangusa meza ambayo haikuwa chafu.

"Na majani," akasema. "Jirani alinipa. Alisema ni dawa ya homa."

"Majani gani?"

"Sikuyajua. Sijui mpaka leo. Labda yalimuua. Labda homa ilimuua na majani hayakuwa na habari naye. Nimelifikiria hilo miaka mingi kuliko uliyoishi wewe."

"Hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza?" Bibi akamgeukia, macho makavu. "Wewe ndiwe wa kwanza. Wenzako walinitazama tu."

Bi Pindo alimtazama yale macho makavu akajaribu kuyasoma, kama anavyosoma kitambaa kujua kitaruka rangi au hakitaruka. Hakuweza. Huenda yalikauka kwa kulia, huenda hayakuwahi kulowa. Alikunywa nusu ya chai. Njiani kurudi alikaa kwenye basi akisikiliza tumbo lake kituo hadi kituo, na kujichukia kwa kulisikiliza.

Jumamosi, wifi alipofika na kuelekea chumbani kwa mtoto, Bi Pindo alisema, "Leo hadithi nasimulia mimi. Hapa mbele. Wote." Wakakaa: fundi bomba, dada yake, na Chiriku aliyejificha nusu nyuma ya shangazi. Bi Pindo aliwaeleza kila kitu kama kilivyokuwa, hata mambo yasiyomsaidia, hata majani.

"Majani!" wifi akaruka. "Mnasikia? Mnasikia? Nilisema mimi!" Akachukua mkoba wake, akatoka akiwa analia kwa hasira, mlango ukapiga ukuta.

Fundi bomba hakuinuka kumfuata. "Kumi na saba," alikuwa anasema peke yake. "Mimi nilimwona mzee. Kumi na saba!"

Kisha ikatoka sauti nyuma ya kiti.

"Alikuwa na kamba?"

Bi Pindo aligeuka polepole, kama mtu aliyetuliwa na ndege begani. "Sikuiona."

"Ulitafuta?"

"Nilitafuta. Alipokwenda kuchukua vikombe, nilichungulia mpaka uvunguni."

Chiriku akamwangalia kwa mara ya kwanza usoni, wala si mikononi. Kisha akaangua kicheko. Mtu mzima, kuchungulia uvunguni mwa bibi wa watu! Baada ya kicheko yakafuata maswali, kama bomba lililozibuliwa. Uvunguni kulikuwa na nini? Viatu vya nani? Kwa nini anashona ndoo? Chai ulimaliza? Kwa nini nusu? Halafu, ghafla, kwa sauti ya chini:

"Na ya kwako iko wapi?"

"Mimi sina kamba. Nina futi. Iko kwenye mtoto wa meza. Ichukue, ukitaka uikate."

Mtoto akaenda akaichukua. Hakuikata. Aliificha mahali, na Bi Pindo hakuuliza ni wapi. Alinunua nyingine, akaendelea na kazi za wateja, na kila jioni aliiacha juu ya cherehani mahali pa wazi. Sare hakuitaja tena, na ya dukani nayo ilikuwa bado haijanunuliwa. Mpaka asubuhi moja alikuta gauni la zamani la Chiriku limewekwa juu ya kitambaa kile kigumu, limekunjwa vizuri. Bi Pindo akalipima gauni badala ya mtoto, akaongeza anapoona paongezwe, akashona. Likamkaa sawasawa, isipokuwa lilikuwa fupi kidogo, kwa sababu mwenye gauni, alipolivaa, alisimama wima.

Chai nayo aliibadili. Hakumwomba mtu amwamini, kwani imani haiombwi kama chumvi. Alileta birika moja mezani, akamkabidhi Chiriku ndiye awamiminie wote, na kila mtu akamwona mwenziwe akinywa. Fundi bomba akaacha kuonja, siku gani hakuna ajuaye. Jirani wa ukuta mmoja alileta sketi yake ipunguzwe, akasema hili na lile, lakini neno "kumbe" hakulitamka tena mbele ya Bi Pindo.

Wifi alikaa muda mrefu bila kuja. Alipokuja, alisalimia, akaingia chumbani kwa mtoto, na mlango ukabaki wazi. Bado husimulia ile ya kamba, akiombwa. Bi Pindo huisikiliza akishona. Siku hizi kuna sehemu ambapo Chiriku humkatiza shangazi yake kuuliza yule mwanamke alikuwa na umri gani, na shangazi hujibu kwa ukali kwamba hadithi haina umri. Akinywa chai katika nyumba ile, wifi bado hukitazama kikombe kwanza. Bi Pindo anamwona, na anamwacha.

Na fundi bomba? Mkewe alimwambia kuhusu bomba linalodondoka kwa yule bibi, akamwambia mara moja tu. Kilipita kiangazi kizima. Halafu siku moja alichukua mkoba wa vyombo vyake akaondoka bila kusema anakokwenda. Alirudi na vumbi jekundu kwenye viatu, akakaa, akavivua.

"Bomba limepona?" Bi Pindo aliuliza.

"Limepona. Ilikuwa mpira umechakaa tu."

"Alikupa maji?"

"Alinipa. Nikanywa ya bombani, kwa mkono wangu."

"Hakusema kitu?"

"Alisimama mlangoni muda wote. Nilipomaliza akaniuliza binti yangu anaitwa nani."

"Ukamwambia?"

Yule bwana alikung'uta kiatu kimoja, akakung'uta cha pili, akaviweka sambamba kando ya mlango.

"Nilimtajia jina lisilo lake," akasema.